Dakika Kumi za Kwanza

Filamu hii nimeiona mara kumi na moja,
na mara zote kumi na moja sikuuona mwanzo wake.
Mimi ndiye mkata tiketi. Kutaisi haijui saa:
watu huja taa zimekwisha kuzimwa,
wanagonga kioo kwa pete zao, wanasaka chenji mifukoni,
nami nawahesabia lari na tetri
huku nyuma ya ukuta mwanamke anaanza maisha bila mimi.

Nikifika kwenye pazia la mlango, yeye tayari yuko jikoni.
Anaitwa Nazibrola. Ana miaka hamsini na minne
na vidole vyeusi kwa maganda ya jozi.
Anatwanga, anakamua, anapaka biringani,
na sebuleni wanaume wanaimba kwa sauti tatu
kana kwamba meza ilijiandaa yenyewe.
Guram, mumewe, ndiye tamada, mkuu wa meza:
bila neno lake hakuna anayeinua glasi.
Anawanywea wazazi, anawanywea wafu, anainywea amani,
anamnywea hata mbwa wa jirani aliyekufa Machi.
Kisha, kwenye glasi ya saba: "Na mikono iliyopika!"
Wanaume wote wanasimama.
Mikono imo kwenye sinki.

Hapo safu za nyuma hucheka.
Mimi sicheki. Nalijua joto la maji yale.

Siyo kwamba napenda kila kitu.
Ile safari ya Batumi, yeye na skafu yake na upepo,
naona ni sukari tupu. Nani humpa mke likizo
wakati zabibu zinangoja kuchumwa?
Lakini lifti naiamini.
Lifti ya jengo lao hudai sarafu, kama ya kwetu,
naye amesimama na mifuko miwili ya viazi
akijipapasa koti, hana hata tetri tano.
Anapanda kwa miguu. Kamera haimsaidii mzigo,
inafuata visigino tu,
mpaka ghorofa ya sita anapoketi kwenye ngazi,
anachomoa chupa ya mafuta ya alizeti,
anaiinua juu, na kuanza kuuhutubia
mlango wa watu uliofungwa.

Mlango unafunguka.
Bibi mmoja, nywele ndani ya vibanio, anasema:
"Endelea."

Basi kila Alhamisi hushuka kwa huyo bibi Tsiuri,
mwalimu wa jiografia aliyestaafu,
wakanywa maji ya chumvichumvi kwa vikombe vya mayai
na kupokezana ukuu wa meza isiyo na mtu.

Mwisho wake ni ubatizo wa mjukuu.
Guram sauti imemkauka. Nazibrola anavua aproni,
anaitundika begani mwa mumewe kama taulo,
anavuta kiti; kiti kinapiga kelele sakafuni.
Anainua pembe la mvinyo. Anafungua kinywa.
Giza. Majina yanapanda.

Watu wakitoka hunilaumu mimi,
kama kwamba maneno yake nimeyaficha kwenye droo ya tiketi.
Mzee mmoja alidai arudishiwe nusu ya nauli yake ya macho.
Nami nikifagia maganda ya alizeti
humtilia maneno kinywani, kila usiku mengine,
na kila usiku yanatoka marefu kuliko ukumbi.

Jana ilikuwa siku ya mwisho. Mvua; mto Rioni umefura;
hakuna aliyechelewa kwa sababu hakuna aliyekuja,
ila wanafunzi wawili waliofuata giza.
Nikafunga dirisha. Nikaketi safu ya saba.

Mwanzo wenyewe ni huu:
mikono inapanga sahani, midomo inahesabu.
Wageni kumi na mmoja, sahani kumi na moja.
Anatoa ya kumi na mbili. Anaifuta.
Anaitazama kitambo,
kisha anairudisha kabatini.

Basi. Ndicho nilichokuwa nikikikosa.

Nilipofika nyumbani lifti ilitaka sarafu.
Nilikuwa nayo, kiganjani, imepata joto.
Nikapanda kwa miguu.